Hadithi za Mchana

Msamala, Songea
Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Otilia,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Kwa jinsi ninavyoijua kwaya ile, hamtaagana bila nyimbo nne, sala mbili na soda, kwa hiyo nina muda wa kutosha kuandika bila mtu kunichungulia begani. Baba yako yuko uani, anafunga boksi lako la vitabu kwa kamba ya katani. Amelifunga, amelifungua, amelifunga tena. Kila akilifungua anachomoa kitabu kimoja, anaangalia picha ya jalada na kusema peke yake, "Hee! Na huyu ana macho mangapi?"

Mambo ya safari yako ya kesho ya chuoni, ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya kutomwazima mtu simu kwenye basi, yote umeshaambiwa, tena na watu watatu, mmoja wao hajawahi kuvuka Makambako. Nayaruka. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka miwili, na tangu wiki mbili zilizopita limeanza kunichoma.

Jambo lenyewe ni hili: sura ya pili ya andiko lako la utafiti imesimama juu ya uongo, na uongo huo ni wangu.

Usiitupe barua. Kaa nikueleze taratibu. Unajua mimi kitu siwezi kukieleza kwa haraka.

Andiko lako nimelisoma mara tatu. Unataka kuchunguza hadithi za kutisha za nchi hii: vile vitabu vyembamba vilivyokuwa vinauzwa vibandani, hadithi za kila wiki za magazetini, riwaya za majini na wafu wanaorudi, mpaka hizi za siku hizi ambazo watu wanasoma kwenye simu, kipande leo, kipande kesho. Wengi wanaziona takataka. Wewe umesema hapana, nchi hujulikana pia kwa vitu inavyoviogopa, na vitu hivyo vinastahili kusomwa kwa umakini ule ule tunaoutumia kusoma mashairi. Nilipofika hapo nilinyanyua kichwa nikamwambia baba yako, "Huyu ni wetu kweli?" Akasema, "Wa kwangu ni miguu tu, hayo mengine sijui kayatoa wapi."

Kisha nikafika sura ya pili. Hapo unauliza hofu ya vitabu hivi imetokea wapi. Unasema wazee wetu walisimulia hadithi za kutisha zenye mwisho uliotulia: zimwi linauawa, mtoto anarudi nyumbani, msikilizaji anapata funzo lake na kwenda kulala. Unasema waandishi wa leo wameuvunja urithi huo. Hadithi zao zinaishia mlango ukiwa wazi na kitu kikiwa bado kiko ndani, msomaji anaachwa akitetemeka, na tabia hiyo, unasema, wameiiga kwenye video za nje. Ushahidi wako mkubwa ni hadithi kumi na nane zilizomo kwenye kaunta buku zangu mbili za jalada jekundu. Msimamizi wako ameandika pembeni kwamba hiyo ndiyo sura yenye nguvu kuliko zote. Na ni kwa sura hiyo umepewa ufadhili.

Otilia, miisho yote kumi na minane niliitunga mimi.

Nikupe historia yake. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, na mke mpya zaidi. Likizo ya Juni baba yako akanipeleka kwao Mpitimbi nikakae na mama yake, bibi yako, nimsaidie kupukuchua mahindi. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba hadithi za wazee zinapotea, na kwamba mwalimu mwema ni yule anayeziandika. Basi nikaenda na kalamu tatu na madaftari mapya, nimejaa wema mpaka shingoni.

Asubuhi ya pili tumekaa barazani, jua ndiyo kwanza limeanza kuutoa ukungu bondeni. Nikasema, "Mama, naomba unisimulie hadithi, niziandike."

Bibi yako akaacha gunzi mkononi. "Hadithi? Sasa hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jua lote hili?"

"Usiku sioni vizuri, Mama. Koroboi inanitoa machozi. Halafu mimi kazi yangu ni ya mchana, nimeshaizoea."

Kwao hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia jua likiwa juu anaota pembe. Watoto wa nyumba ile waliambiwa hivyo, na wakikosea walikuwa wanajipapasa vichwa kila asubuhi kwa wiki nzima. Mimi nilikuwa naijua desturi hiyo. Nilikuwa hata nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko mzuri, kama jambo la kuvutia. Sikufikiri kwamba inanihusu.

Bibi akamtazama Shangazi yako Gaudensia, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa darasa la saba. Gaudensia akayatazama mahindi. Bibi akasema, "Haya, mwalimu. Andika."

Hadithi zikaanza kuja, karibu kila siku moja. Lakini kila moja ilikuwa fupi kama tangazo la kifo redioni. Kulikuwa na mtu fulani, akaona kitu fulani, akaogopa, basi.

"Kisha, Mama?"

"Kisha basi."

"Hilo zimwi likaenda wapi?"

"Likaenda zake."

"Na yule mtoto?"

"Mtoto naye akaenda zake."

Gaudensia alikuwa ameuma pindo la kanga. Nilidhani anaumwa jino, nikamshauri asukutue kwa maji ya chumvi. Kuhusu Bibi nilidhani ni umri, kwamba anasahau, ingawa mwanamke yule alikuwa anakumbuka nani aliazima jembe lake miaka kumi iliyopita na alilirudisha lina hali gani. Kumbana kwa maswali mengi sikuweza. Alikuwa mama mkwe wangu, na mimi nilikuwa na miezi mitatu tu ndani ya ukoo. Nikaandika nilichopewa, nikashukuru.

Niliporudi shuleni nikakaa na madaftari yale, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo leo nikilikumbuka natamani nicheke na kujificha kwa pamoja. Nilitoa kalamu nyekundu nikazisahihisha hadithi za mama mkwe wangu. Kweli kabisa. Pembeni niliandika, "Mwanzo mzuri. Hitimisho?" Moja niliipigia mstari nikaandika, "Funzo halionekani." Unajua sisi walimu wa zamani. Kila mtihani ulikuwa na swali la funzo la hadithi, na hadithi isiyo na funzo kwetu ilikuwa kama shati lisilo na vifungo. Nikaanza kushona vifungo. Zimwi hili nikaliua kwa mkuki, lile nikalifanya litubu. Watoto wakarudi kwa wazazi wao na kuwa watiifu kuanzia siku hiyo. Nilipomaliza nikazinakili zote vizuri kwenye hizo kaunta buku mbili unazozijua. Madaftari ya kwanza, yenye kalamu nyekundu, niliyaacha kwenye boksi chini ya kitanda, na mchwa wa nyumba za walimu waliyasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Sikuwa na nia mbaya. Nakuambia hivyo uelewe jinsi ilivyotokea, si ili unisamehe haraka. Niliamini kabisa kwamba nazisaidia.

Wala siwezi kusema sikuonywa, maana nilionywa. Miaka ile nilikuwa mwalimu wa malezi, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupekua mabweni na kunyang'anya vitabu vya kutisha. Vilikuwa vinapita chini ya magodoro kama karanga. Vyenye mikono inayotoka kaburini, vyenye bibi harusi asiye na kisogo. Nilivifungia kabatini, na saa ya chai nilikuwa natoa kimoja nasoma, nimekifunika kwa gazeti, na wakati wa usiku nilikuwa naogopa kwenda chooni. Hayo baba yako anayajua, alikuwa ananisindikiza.

Siku moja nikakamata daftari la mwanafunzi aliyejitungia hadithi yake mwenyewe. Aliitwa Zuhura, mtoto wa upande wa Namtumbo, baba yake mkulima wa tumbaku. Hadithi ilihusu bani la kukaushia tumbaku ambalo asubuhi lilikutwa na majani mengi kuliko yaliyoingizwa jioni, na kila siku yakawa yanaongezeka, na hayakuwa tumbaku. Iliishia hapo. Nikamwita ofisini.

"Zuhura, umeandika vizuri. Lakini haijaisha."

"Imeisha, Mwalimu."

"Funzo liko wapi? Hayo majani yalikuwa nini? Malizia, weka funzo, nitakurudishia daftari lako."

Akatazama chini, akafikiri, akasema kwa adabu sana, "Samahani Mwalimu. Nikiweka funzo hataogopa mtu."

Nikamwambia aende darasani. Daftari nilimrudishia mwisho wa muhula, lakini sentensi yake sikuweza kuirudisha. Alikuwa ameniambia kwa maneno manne kitu ambacho wewe unakwenda kukisomea miaka miwili, na mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimekaa juu ya kaunta buku mbili zilizojaa mafunzo niliyoyabandika mwenyewe. Nilijua, Otilia. Siku ile nilijua. Nikaamua kutojua.

Sasa tufike kwako. Miaka miwili iliyopita ulipanda juu ya stuli kutafuta sufuria kubwa, ukashuka na kaunta buku zangu na vumbi puani. Ulikaa pale pale sakafuni ukasoma mpaka maharage yakaungua. Sijawahi kukuona unanitazama namna ile. Nimekuwa mama yako, mwalimu wako, mtu wa kukukumbusha sweta. Siku ile ulinitazama kama msomi mwenzako. Ukaniuliza, "Mama, umeziandika kama zilivyosimuliwa?"

Nami nikasema, "Neno kwa neno."

Hilo ndilo kosa ninalotaka ulitazame vizuri kuliko yale mengine. Yale ya ujana yalikuwa ya kutojua. Hili lilikuwa la kujua. Ningeweza kusema, "Mwanangu, mwanzo ni wa bibi yako, mwisho ni wangu." Maneno machache tu, na maharage yangeendelea kuungua vile vile. Lakini nilipenda mno jinsi ulivyonitazama. Baadaye kila mwezi uliopita ulilifanya liwe gumu zaidi kusema. Ukaandika andiko, likasifiwa, ukapata ufadhili, nasi tukachinja jogoo. Utamwambiaje mtu na jogoo yuko mezani?

Wiki mbili zilizopita Shangazi Gaudensia alikuja kutoka Mpitimbi kutibiwa macho, akalala hapa siku tatu. Utakumbuka ulimkalisha sebuleni ukamsomea hadithi ya kihenge kutoka kwenye kaunta buku, ile ya bibi harusi anayeitwa jina na sauti kutoka kwenye kihenge cha mahindi. Ulipofika mwisho, mume anapotoboa kihenge, fisi anatoka na kuuawa, na bibi harusi anajifunza kutoitikia asiowajua, Shangazi alicheka mpaka dawa ya macho ikamtoka yote. Wewe ulifurahi, ukadhani umesoma vizuri. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni yake ulikwenda mazoezi ya kwaya, na umeme ukakatika. Tukakaa jikoni mimi naye, kwenye mwanga wa jiko la mkaa, tunachambua mboga kwa kupapasa.

Akasema, "Wifi."

"Naam."

"Yule fisi ulimtoa wapi?"

"Fisi gani?"

"Aka! Fisi wa kihengeni, wifi yangu. Nyumba yetu haijawahi kuwa na fisi. Ulikuja naye kwenye sanduku?"

Nikacheka, naye akacheka, na nilipoanza kucheka nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia yote. Alinisikiliza akiendelea kuchambua, kisha akaniambia kile ambacho hata mimi sikuwa nakijua.

Bibi yako hakuwa amesahau chochote. Alikuwa anakwepa pembe. Mkamwana amekuja na kalamu, anataka hadithi jua likiwa utosini, kumkatalia ni kumvunja moyo, kumpa ni hatari. Basi akanipa nusu. Gaudensia alimuuliza, "Mama, huogopi?" Naye akamjibu kwamba nusu ya hadithi ni nusu ya pembe, na nusu ya pembe itafunikwa na kilemba.

"Na nusu nyingine?" nikauliza.

"Alikuwa anatumalizia usiku, wewe ukishakwenda kulala. Kila siku. Ile ya asubuhi anaimalizia usiku, ili isibaki wazi ndani ya nyumba."

Mwanangu, nilizikumbuka zile sauti. Nilikuwa nalala chumba cha pili, nasikia kelele za kushtuka, kimya, kisha vicheko. Kwa wiki tatu nilijua kabisa wanacheka ugali wangu. Nililia siku mbili kwa ajili ya ugali ule. Kumbe ukuta mmoja tu ulikuwa unanitenganisha na kila kitu nilichokwenda kukitafuta.

Nikamuuliza kwa nini hawakunialika. Shangazi yako akaanza kuona haya, na yeye si mtu wa haya. Akasema, "Nyingi zilikuwa za kawaida. Lakini ile ya kihenge Mama alisema mke mpya asiisikie." Kwa kuwa giza lilikuwa limeshaingia na sisi tuko jikoni, akanimalizia hiyo moja.

Bibi harusi aliitikia. Usiku huo huo mtu akatoka kihengeni akaja kula na familia, ana sura ya bibi harusi, ana sauti yake. Anaamka mapema kuliko yeye. Anasaga vizuri kuliko yeye. Anamjibu mama mkwe kwa upole zaidi. Na yule wa kwanza yuko ndani ya kihenge, anaita, anaita jina lake mwenyewe. Nyumba nzima inasikia. Mama mkwe anasikia. Anasimama, anakwenda kwenye kihenge, anaweka sikio. Kisha anarudi, anakaa, anasema, "Ni panya," na anamwomba yule mpya ampakulie.

Imeisha hapo.

Nilikaa na mboga mapajani, nywele zimesimama, mimi mwanamke wa umri huu. Shangazi akasema, "Sasa Mama angekusimuliaje hiyo, wewe wa miezi mitatu, usiyejua kusonga ugali?"

Nimeifikiria hadithi hiyo kwa siku kumi na nne. Bibi yako aliificha kwa sababu ya jua, ndiyo, lakini aliificha pia kwa huruma. Alijua kila mke mpya analala akijiuliza kama wangempenda zaidi mwingine. Hakutaka jibu la swali hilo litoke mdomoni mwake. Nami kwa upande wangu nikachukua hofu ya kweli kuliko zote ndani ya nyumba ile, hofu yangu mwenyewe, nikaweka fisi mahali pake.

Kwa hiyo ukifika kwenye maktaba ya chuo chako, kila ukikutana na hadithi ya kutisha, iwe ya kitabuni, ya gazetini au ya simu, usianze na zimwi. Uliza kwanza nani alikuwa anasimulia, akimsimulia nani, saa ngapi, na nani alikuwa ameambiwa akalale. Sisi wakusanyaji tunapenda kuandika, "Ilisimuliwa na bibi wa Mpitimbi," kana kwamba bibi anasimulia peke yake kama redio. Ningeandika tu, "Ilisimuliwa mchana, kwa mkamwana, shingo upande," wewe leo usingepotea.

Na utaona sura yako ya pili inageuka juu chini. Wale waandishi uliowagombeza, wanaoacha mlango wazi, huenda hawakuiga kokote. Huenda walikuwa wanalala upande wa pili wa ukuta, mahali penye hadithi kamili. Mtu aliyevunja urithi ni mwalimu mmoja wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu, na sidhani alikuwa peke yake nchi hii. Jiulize ni mikusanyo mingapi ya hadithi zetu iliyochapishwa ikiwa imeshonwa vifungo na watu wa aina yangu, wote wakiwa na nia njema. Mimi nikiwa wewe, ningekuwa na hasira kwa siku tatu, na siku ya nne ningeona kwamba nimepewa swali zuri kuliko lile la kwanza. Lakini hasira yako ni halali, usiifupishe kwa ajili yangu.

Nimeandika karatasi nyingine ya ukurasa mmoja, ya msimamizi wako. Inasema nilichofanya, kwa jina langu kamili na sahihi, bila "huenda" na bila "kwa bahati mbaya". Iko ndani ya kaunta buku ya kwanza. Mpe wiki hii hii, kabla hajakualika kuwasilisha. Na kwenye tasnifu yenyewe usinifiche kwa kuandika "mkusanyaji mmoja". Andika mama wa mtafiti. Kama watasema ufadhili urudiwe kuangaliwa, hilo sijui, na sitakudanganya kwamba siliogopi. Naliogopa sana. Nimekaa nalo siku hizi zote na sijapata neno la kulifanya dogo.

Shangazi Gaudensia anazikumbuka zote kumi na nane, na nyingine ambazo mama yake hakunipa hata nusu. Nilimwomba anisimulie zilizobaki, akakataa. "Wewe nimeshakupa moja. Hizo nyingine mlete huyo mwenye kuzisomea. Aje jioni, ale ashibe kwanza, akae chini kama watu. Akitaka kurekodi arekodi, mradi jua limezama." Nikamwambia unasafiri Jumatatu. Akasema, "Basi mwambie na Jumanne ni siku."

Baba yako nilimuuliza kama yeye, mtoto wa nyumba ile, anazikumbuka. Anasema alikuwa analala kabla ya mwisho wa kila hadithi, na ndiyo maana amekuwa mtu mwenye furaha.

Jana nilipita ofisi ya basi. Tiketi wanaibadilisha bila maneno mengi ukiwaambia kabla gari halijaondoka, na chuo chako kinaanza kusajili Alhamisi. Sikuibadilisha. Nimeshawamalizia watu hadithi zao mara kumi na nane, sitakumalizia na yako. Ukiona bora uende kesho kama ulivyopanga, uiandike upya sura hiyo kwa kusema tu kwamba ushahidi umeharibika, hiyo pia ni kazi ya uaminifu na nitaiheshimu. Mpitimbi ipo, unaweza kwenda likizo. Ila Shangazi si msichana tena, na macho hayo hayakumpeleka hospitali kwa matembezi.

Nitaiweka barua hii juu ya mto wako sasa hivi, uikute ukirudi. Usije chumbani kwetu kuniuliza chochote leo. Nipe nafasi ya kuwa mwoga usiku mmoja wa mwisho, na wewe jipe nafasi ya kunikasirikia bila kuniona uso.

Alfajiri nitakuwa jikoni, nimewasha moto. Ukitoka umevaa viatu, nitakupa chai, nitakusindikiza stendi, na nitakupungia mkono mpaka basi lipotee, na hutasikia neno lingine la jambo hili kutoka kwangu isipokuwa uniulize. Ukitoka pekupeku, nitampigia simu wifi yangu nimwambie aongeze unga, tunakuja wawili.

Mama yako anayekupenda